Kipande kilichodhaniwa kimepotea: kisa cha Janet Rowley na kromosomu za saratani ya damu

Mwaka 1960 watafiti wawili wa mji wa Philadelphia nchini Marekani, Peter Nowell na David Hungerford, waliripoti kwamba wagonjwa wao wa lukemia sugu ya mieloidi, aina mojawapo ya saratani ya damu, walikuwa na kromosomu moja fupi kupita kiasi ndani ya seli zilizougua. Kromosomu ni nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni, na seli ya kawaida ya binadamu ina 46. Hii fupi haikuwa ya mgonjwa mmoja tu. Walipomtazama mwingine mwenye ugonjwa huo, waliikuta tena. Ikaitwa kromosomu ya Philadelphia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa saratani fulani kuhusishwa na hitilafu moja ya kromosomu, ileile kila mara.

Likabaki swali ambalo halikuwakosesha wengi usingizi: kipande kilichokatika kilikwenda wapi? Jibu lililokubalika ni kwamba kilipotea. Jibu hilo likadumu miaka 12, mpaka Janet Rowley, daktari wa Chicago mwenye umri wa miaka 47, mama wa watoto wanne wa kiume na mwajiriwa wa siku tatu kwa wiki, alipokikuta kimekaa mahali pengine.

Kisa chake kina namna yake ya kusimuliwa. Mama amekaa kwenye meza ya kulia chakula, ana mkasi, anakata picha za kromosomu moja moja na kuzipanga kwa jozi. Watoto wanapita, wanamtania kwamba anacheza na wanasesere wa karatasi, na wanaonywa wasipige chafya karatasi zisije zikaruka. Meza ilikuwepo kweli, na utani ulikuwepo. Ila naona meza hiyo imepewa sifa nyingi kuliko inavyostahili. Ukiifuata miaka iliyotangulia utaona kwamba ugunduzi huu ulitokana na mpangilio wa kazi ambao kamati nyingi za utafiti za leo zisingeupitisha, na hapo ndipo penye la kujadili.

Njia ya kufika kwenye hadubini

Rowley alizaliwa New York tarehe 5 Aprili 1925 na kukulia Chicago. Akiwa na miaka 15 alipata ufadhili wa kuingia Chuo Kikuu cha Chicago, kwenye mpango maalumu uliounganisha mwisho wa sekondari na mwanzo wa chuo. Alipoomba kusomea udaktari, darasa lilikuwa na nafasi 65 na wanawake waliruhusiwa watatu tu. Watatu hao walikuwa wamekwisha patikana. Akasubiri mwaka uliofuata. Alihitimu mwaka 1948, na siku iliyofuata akafunga ndoa na Donald Rowley, daktari na mtafiti wa chuo hichohicho.

Kwa miaka mingi baada ya hapo alifanya kazi ya muda, kwa hiari yake, kwa sababu alitaka kuwa nyumbani na watoto. Alihudumu katika kliniki ya watoto wenye ulemavu wa akili jijini Chicago, ambao baadhi yao walikuwa na hali tunayoiita Down. Mwaka 1959 Wafaransa walionyesha kwamba watoto wa aina hiyo wana kromosomu moja ya ziada. Kwa daktari aliyekuwa akiwaona watoto hao kila wiki, habari hiyo haikuwa ya kusoma na kupita. Ilimaanisha kwamba chanzo cha hali yao kinaweza kuonekana kwa hadubini.

Mwaka 1961 mumewe alipata likizo ya utafiti Oxford, Uingereza. Wengine wangeenda kama mke wa mtafiti tu. Yeye alijitafutia ufadhili wake na nafasi kwenye maabara, akajifunza kufuatilia jinsi kromosomu zinavyojinakili. Waliporudi Chicago mwaka 1962 alikuwa na kazi aliyoianza na hajaimaliza, lakini hakuwa na pa kuimalizia. Akamwendea Leon Jacobson, mtaalamu wa magonjwa ya damu aliyekuwa akiongoza hospitali ya utafiti wa saratani chuoni hapo. Alimwomba hadubini, chumba cha giza cha kusafishia picha, na mshahara wa kutosha kumlipa yaya. Jacobson alikubali yote. Mshahara ulikuwa dola 5,000 kwa mwaka.

Hapa pana jambo ambalo wasimulizi wengi huliruka. Jacobson hakumwuliza ataleta matokeo gani na kwa tarehe ipi. Alikuwa na wagonjwa wa lukemia, na sampuli za uboho wao zilikuwa zikichukuliwa hata hivyo, kwa hiyo alimshauri azitazame kromosomu zao. Rowley akazitazama kwa takriban miaka kumi bila kuona kitu cha kutikisa dunia. Leo mtafiti akiandika kwenye ripoti ya mwaka wa nne kwamba ameona mvurugano tu na bado haelewi maana yake, ruzuku itakuwa imekwisha kata kona.

Rangi zilizofungua macho

Mvurugano huo haukutokana na uzembe wa mtu. Katika miaka ya 1960 kromosomu zilipakwa rangi moja mwili mzima, zikaonekana kama vijiti vyeusi, na kilichowezekana ni kuzipanga kwa urefu na kwa mahali pa kiuno chake. Ziligawanywa makundi saba, kuanzia A mpaka G. Kundi C lilikuwa na kromosomu ya 6 hadi ya 12 pamoja na X, zote zikifanana. Kama mojawapo ingerefuka kidogo, nani angejua? Hata 21 na 22 hazikuweza kutofautishwa kwa uhakika, na kwa muda watu walidhani kromosomu ya Philadelphia ni ya 21, ileile inayozidi kwa watoto wenye Down.

Mambo yalibadilika Stockholm. Torbjörn Caspersson na Lore Zech wa taasisi ya Karolinska waligundua kwamba rangi za jamii ya kwinakrini, zikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, huzifanya kromosomu zing'ae kwa michirizi, hapa angavu, pale hafifu. Kila kromosomu ina mpangilio wake wa michirizi, kwa hiyo ya 9 haiwezi tena kujificha kati ya wenzake. Muda mfupi baadaye watafiti wengine walipata michirizi inayolingana na hiyo kwa kutumia Giemsa na hadubini ya kawaida.

Rangi zote mbili zinatoka kwenye malaria. Kwinakrini ndiyo mepakrini, vidonge vya manjano walivyomezeshwa askari katika Vita Kuu ya Pili, wakiwemo wa King's African Rifles waliopelekwa Burma. Giemsa haihitaji utambulisho kwa yeyote aliyefanya kazi katika maabara ya zahanati zetu. Ni ile rangi ya kwenye chupa inayoacha vidole na sinki na madoa ya zambarau, inayomwagwa juu ya tone la damu lililokauka kwenye kioo ili kiini cha kimelea kijitokeze. Inashika kwenye DNA ya kimelea, na inashika kwenye DNA ya kromosomu. Makala ya Rowley ya mwaka 1973 inazitaja rangi zote mbili kwenye kichwa chake cha habari.

Mwaka 1970 mumewe alipata likizo nyingine Oxford, na Rowley akaitumia kujifunza mbinu ya michirizi katika maabara ya Walter Bodmer. Aliporudi Chicago alikuwa mmoja wa wachache mjini waliojua kuifanya. Na makabati yake yalikuwa yamejaa sampuli za wagonjwa alizozikusanya kwa miaka yote ile iliyoonekana kupotea bure.

Mezani, mwaka 1972

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Seli huzuiwa katikati ya kugawanyika, wakati kromosomu zimejikunja na kunenepa. Hupakwa rangi na kupigwa picha kwa hadubini. Picha husafishwa na kukuzwa, kisha kila kromosomu hukatwa kwa mkasi na kubandikwa karibu na mwenzake. Vipande 46 kwa seli moja, na seli moja haitoshi, kwa kuwa seli moja inaweza kuwa imeharibika kivyake. Kwa mtu anayetaka kuwa nyumbani watoto wakitoka shule, hii ni kazi inayobebeka. Picha zinaingia kwenye bahasha, bahasha inaingia kwenye mkoba. Nadhani meza ile inastahili kusifiwa kwa hilo tu.

Jambo la kwanza aliloliona lilikuwa kwa wagonjwa wawili wa lukemia kali ya mieloidi. Kromosomu ya 8 ilipungukiwa na kipande mwishoni, na ya 21 ilikuwa imeongezeka. Vipande vilikuwa vimebadilishana mahali. Aliandika makala na kuituma kwa New England Journal of Medicine, ikakataliwa. Ikachapishwa mwaka 1973 na jarida la Kifaransa, Annales de Génétique, ambalo madaktari wengi wa Marekani hawakuwa wakilifungua.

Kisha akageukia lukemia sugu. Ugonjwa huu huenda polepole kwa miaka kadhaa, halafu hulipuka na kuwa lukemia kali inayoua kwa miezi. Rowley alikuwa akichunguza wagonjwa waliofika hatua hiyo ya mlipuko, akitafuta kromosomu gani imebadilika. Akaona ya 9. Ncha yake ndefu ilikuwa na kipande cha ziada chenye mng'ao hafifu. Wazo la haraka lingekuwa: hiki ndicho kinacholeta mlipuko. Mtu mwenye haraka ya kuchapisha angeishia hapo na angekosea.

Yeye alirudi kabatini. Akatoa sampuli za wagonjwa walewale zilizochukuliwa kabla, ugonjwa ukiwa bado umetulia. Kipande kilikuwepo tayari kwenye 9. Kwa hiyo hakikuhusu mlipuko, kilikuwa sehemu ya ugonjwa tangu mwanzo, kikiandamana na kromosomu ya Philadelphia, ambayo kwa wakati huo ilikwisha julikana kuwa ya 22. Akapima kipande kilichozidi kwenye 9, akakilinganisha na kilichopungua kwenye 22. Vililingana. Halafu akatazama seli za kawaida za damu za wagonjwa haohao, zisizo za lukemia, akakuta 9 na 22 ziko sawa kabisa. Hitilafu haikurithiwa kwa baba wala mama. Ilizaliwa ndani ya seli moja ya uboho, na ukoo wote wa seli hiyo ukaibeba.

Hatua hii ya kurudi kabatini ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha kisa kizima, kuliko mkasi na kuliko michirizi. Iliwezekana kwa sababu mgonjwa, daktari, sampuli ya zamani na mtazamaji vilikuwa chini ya paa moja kwa miaka mingi. Mtu aliyepewa sampuli za mwaka mmoja asingekuwa na cha kurudia.

Makala ilitoka katika jarida la Nature mwezi Juni 1973, ikiwa na mwandishi mmoja tu.

Kuaminiwa kulichelewa

Usidhani dunia ilisimama kushangilia. Wataalamu wengi waliamini kwamba vurugu za kromosomu ni matokeo ya saratani, kama uharibifu unaoonekana baada ya mafuriko, na kwamba chanzo kitafutwe kwingine. Theodor Boveri wa Ujerumani alikuwa amependekeza kinyume chake tangu mwaka 1914, lakini wakati huo hakukuwa na njia ya kuthibitisha. Uhamisho mmoja wa vipande vya kromosomu unaweza kuwa sadfa. Hata miwili haimlazimishi mtu kubadili msimamo.

Rowley aliendelea. Mwaka 1977 yeye na wenzake waliripoti wa tatu, kati ya 15 na 17, katika lukemia kali ya promielositi, ugonjwa unaoua kwa kuvuja damu. Mwaka uliotangulia, Lore Zech na wenzake wa Stockholm walikuwa wameonyesha kipande cha 8 kikihamia 14 katika limfoma ya Burkitt. Huu ni ule uvimbe wa taya za watoto ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, na ambao wauguzi wa Uganda, magharibi mwa Kenya na kandokando ya Ziwa Victoria wanaujua hadi leo. Sasa palikuwa na ramani: kila ugonjwa na uhamisho wake. Sadfa haijirudii kwa mpangilio namna hiyo.

Jeni zenyewe zilianza kujulikana miaka ya 1980. Kwa Burkitt, kilichohamishwa ni MYC, jeni inayoamuru seli igawanyike, ikapelekwa jirani na jeni za kingamwili ambazo hazizimwi. Kwa lukemia sugu, mwaka 1982 ilionekana kwamba jeni iitwayo ABL inatoka kwenye 9 na kutua kwenye 22, na miaka miwili baadaye ikajulikana inatua ndani ya nyingine iitwayo BCR. Zikiungana hutengeneza kimeng'enya cha aina ya kinasi ambacho kazi yake ni kuwasha ishara ya kukua, na hiki kilichozaliwa kwa ajali hakina kizimio. Kipande kilichodhaniwa kimepotea ndicho kilichobeba ugonjwa.

Dawa, na onyo kwa wanaopenda hadithi nyoofu

Kilichofuata kinajulikana zaidi. Nicholas Lydon na wenzake wa Ciba-Geigy, kampuni iliyokuja kuwa sehemu ya Novartis, walitengeneza molekuli inayoziba tundu la kinasi hiyo. Brian Druker wa Portland, Oregon, akaisukuma mpaka ikafika kwa wagonjwa mwaka 1998. Katika jaribio hilo la awali, wagonjwa 53 kati ya 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku walirudi kuwa na hesabu ya kawaida ya damu. Matokeo ya namna hiyo hayakuwa yamezoeleka katika saratani. Mwezi Mei 2001 imatinibu, inayouzwa kwa jina la Glivec, ikaidhinishwa Marekani. Ugonjwa uliokuwa ukiua wengi ndani ya miaka michache ukawa wa kuishi nao kwa vidonge, kama shinikizo la damu.

Kutoka Nature hadi dukani ni miaka 28. Wengi husema: umeona, tafuta jeni utapata dawa. Kisa hiki chenyewe kinawapinga. Ule uhamisho wa 15 na 17 ulikwenda kinyume. Mjini Shanghai, Wang Zhenyi na wenzake walianza mwaka 1985 kuwatibu wagonjwa wa promielositi kwa asidi ya retinoiki, dutu ya jamii ya vitamini A, nao wakapona kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kuieleza vizuri. Maelezo yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilipogundulika kwamba jeni iliyokatwa kwenye 17 ni ya kipokezi cha asidi hiyohiyo. Dawa ilitangulia, jeni ikafuata. Na MYC ya Burkitt, iliyojulikana tangu 1982, mpaka sasa haina kidonge chake. Watoto wanatibiwa kwa kemotherapi zilezile za miongo mingi. Aliyoyaona Rowley yalionyesha mahali pa kuchimba, lakini hakuna aliyeahidi maji.

Tuzo zilikuja akiwa mtu mzima sana. Mwaka 1998 alipata tuzo ya Lasker pamoja na Nowell na Alfred Knudson, na mwaka 2009 Rais Obama alimvisha Nishani ya Uhuru. Alibaki Chicago maisha yote ya kazi, akiendesha baiskeli kwenda maabara hata alipopita miaka 80. Alifariki Desemba 2013 kwa saratani ya ovari.

Sitaki kuugeuza mshahara wa dola 5,000 kuwa fadhila. Mwanamke aliyezuiwa na nafasi tatu za darasa, akalipwa ya yaya, alidhulumiwa na mfumo uleule uliomwacha afanye kazi kwa utulivu. Aliweza kuvumilia kwa sababu nyumbani palikuwa na mshahara wa pili. Mtafiti wa Mbeya au Kisumu asiye na mshahara wa pili hawezi kuambiwa aige mfano huu. Kinachoweza kuigwa ni kabati: sampuli zilizotunzwa, zenye jina la ugonjwa na tarehe, za mgonjwa yuleyule kwa miaka, na mtu mmoja aliyeruhusiwa kuzirudia.

Bei na kipimo

Imatinibu ilipotoka iligharimu Marekani karibu dola 30,000 kwa mwaka. Ilipofika 2012 ilikuwa karibu dola 92,000, na mwaka uliofuata wataalamu zaidi ya 100 wa ugonjwa huu waliandika kwa pamoja kulalamika. Aprili 2013 Mahakama Kuu kabisa ya India ilikataa hataza ya Glivec, na kampuni za huko zikaendelea kutengeneza nakala za bei nafuu. Kwa wagonjwa wa Kenya na Tanzania njia kubwa ilikuwa mpango wa Novartis na The Max Foundation wa kutoa dawa bila malipo. Mpango huo ulikuwa na sharti: mgonjwa athibitishwe kwamba ana uhamisho wa 9 na 22, kwa kuwa bila huo dawa haina cha kuziba.

Kwa hiyo kipimo ni nusu ya tiba. Zamani kilihitaji uboho kutolewa kwenye nyonga na mtaalamu wa kusoma kromosomu, na wataalamu hao ni wachache. Siku hizi damu ya mkononi inatosha. GeneXpert, mashine ileile inayopima makohozi ya kifua kikuu, ina katriji ya kuhesabu BCR-ABL. Baada ya miezi 3 ya matibabu kiwango kinatakiwa kiwe kimeshuka hadi asilimia 10 au chini yake. Kikiwa juu ya hapo, kabla ya kufikiria dawa nyingine kama nilotinibu au dasatinibu, daktari anatakiwa amwulize mgonjwa kama vidonge amevimeza kila siku, na kama havikumezwa, kama ni nauli ya kwenda kuvichukua iliyomkwamisha.